Kisanduku cha Hiari cha Mwalimu Adhieu

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umerudi Kakuma saa nne, asante Yesu. Mwalimu Adhieu kaja dukani kwangu kujaza fomu ya shahada ya uzamili kwenye kompyuta. Nafasi yenye ufadhili ni moja tu. Amefundisha kambini miaka saba, na mwakani umri wanaoutaka utakuwa umempita. Kanisa zima tunamwombea.

Kuna kisanduku kimeandikwa: maelezo binafsi, si lazima. Akasema basi tukiache, Mzee Wasike. Eti Kipngeno wa ng'ambo ya barabara anawaambia wateja hakisomwi.

Kipngeno. Kompyuta mbili, ushauri hakuna.

Sadaka pia si lazima. Lakini kikapu kikipita, watu wanaona nani kakunja mkono. Sikubishana naye. Nimemwambia aende akafundishe, nitaituma mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nakuambia wewe daftari peke yako. Nimekijaza.

Mimi ni mzee wa kanisa, najua mtu anavyotoa ushuhuda: kwanza shimo, halafu neema. Shida ni kwamba Adhieu hana shimo. Hanywi, hagombani, hata chumvi ya jirani anarudisha. Nikamwazima dhambi zangu za ujana kule Kimilili. Pombe ya busaa, ngumi, ile baiskeli ya shemeji. Kuokoka mkutanoni, mwaka 1994. Nilipoisoma tena machozi yalinitoka. Nikatuma.

Jumatano, 12 Machi

Ameitwa Lodwar kwa mahojiano. Nimepita mbele ya Kipngeno mara nne. Mara ya nne nikamsalimu kwa Kiturkana, ejok, polepole, kama mshindi. Akauliza kama kuna kitu nimeangusha.

Jumatatu, 17 Machi

Adhieu amerudi. Nimempa kiti, hakukaa.

Wahojaji walimwuliza kwa upole kama baiskeli aliirudisha. Halafu alilewaje kabla ya 1994, na cheti kinasema amezaliwa 1997? Ikabidi aseme ukweli: ni mzee wetu wa kanisa, ana kompyuta.

Mama mmoja pale mezani akamweleza. Adhieu na mwalimu mmoja wa Kaikor wamelingana alama, ndiyo maana wakafungua visanduku. Cha yule wa Kaikor hakikuwa na neno hata moja. Kutoandika hakumpunguzii mtu alama, mama alisema.

“Changu ndicho kilitaka kunimaliza, Mzee.”

Wakampa karatasi na nusu saa, aandike mwenyewe. Aliandika kuhusu watoto mia na thelathini katika chumba kimoja, na ubao anaougawa kwa mstari wa chaki: la nne huku, la tano kule. Majibu wiki ijayo.

Nimeomba msamaha. Akasema amesamehe, na niendelee kumwombea, ila mikono ikae mbali na kompyuta.

Nimefunga siku tatu. Chakula, si duka.

Jumatatu, 24 Machi

Amepata! Akina mama wameimba mpaka barabarani. Adhieu anasema ni ile karatasi ya Lodwar. Nimemwitikia amina, unyenyekevu ni muhimu. Lakini wangempa karatasi ya pili kama hakungekuwa na ya kwanza?

Alasiri kaja Kuany, muuguzi wa zahanati, naye anataka uzamili. Fomu yake nimeitafuta juu mpaka chini, kisanduku cha maelezo hakuna kabisa. Wamesahau, maskini.

Nimemwambia aende kazini. Ushuhuda wake umeenea vizuri kwenye sehemu ya anwani.