Ua kwenye Kebo ya Ishirini na Tatu

Jumatatu, 4 Machi. Mwaka wa thelathini na moja tangu tuondoke kwetu. Miezi nimeacha kuihesabu.

Tumeanza kazi kwenye jengo jipya la kampuni ya bima. Ghorofa ya kwanza ina kebo arobaini na nane. Zinatoka vyumbani, zinakutana kwenye kabati la mtandao, na kila moja inabanwa kwenye tundu lake katika paneli; namba ya tundu ndiyo namba ya simu ya chumba. Paneli ni ubao mwembamba wa chuma, lakini ukikosea hapo umekosea jengo zima.

Mafundi tuko wawili, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mkandarasi hakuficha: ghorofa ya pili inahitaji msimamizi mmoja, na atamchagua Ijumaa baada ya majaribio. Mwingine huenda akapumzishwa. Nina miaka sitini na saba. Maana ya kupumzishwa naijua.

Binti yangu ni karani humu humu, na ndiye aliyetutafutia kazi. Amenivuta pembeni. Baba, nimewaambia hakuna fundi kama wewe, usiniangushe. Nikamkumbusha kwamba nilikuwa fundi wa mitambo ya simu kabla hajazaliwa. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Jumanne, 5 Machi.

Shemeji ana kimashine cha kuchapa lebo. Anakining'iniza kiunoni kama askari. Anataka kila kebo ibandikwe namba ncha zote mbili. Mali bila daftari hupotea bila habari, akasema, na akahakikisha mkandarasi anasikia.

Abandike huko kwake vyumbani. Kabatini ni kwangu, na huku nina mbinu. Kebo yenye namba husomwa na yeyote. Kebo inayosomwa na mtu mmoja humfanya mtu huyo asipumzishwe. Kwa hiyo nimeipa kila namba nyumba moja ya mtaa wetu wa zamani, kwa mpangilio wake. Moja ni kwetu. Mbili kwa mshonaji. Tatu kwa mtengeneza saa. Sijaukanyaga mtaa ule kwa miaka thelathini na moja, lakini kila nikikosa usingizi naupita mlango kwa mlango.

Shemeji alisukuma kebo kutoka vyumbani akitaja namba kwa sauti. Mimi nilizipokea na kuchora alama ndogo kwa kalamu: sindano, mshale wa saa, kikombe. Akauliza ninachora nini. Nikamwambia akili ni nywele. Akasema ndiyo maana naanza kupata upara.

Ishirini na mbili: mhunzi, nyundo. Kisha akaita, ishirini na tatu, meza ya mpwa wangu! Meza ya binti yangu, na nyumba ya ishirini na tatu! Bahati iliyoje. Nilitabasamu peke yangu nikachora ua. Sababu siiandiki hapa. Jambo kama hilo mtu hasahau.

Alhamisi, 7 Machi.

Nimebana kebo kwenye paneli siku nzima. Nyuzi nane kila kebo, rangi kwa rangi, nadhifu kama nywele zilizosukwa. Sindano tundu la pili. Mshale wa saa la tatu. Nilishuka mtaani taratibu, nikiwasalimia watu moyoni. Mhunzi, ishirini na mbili. Mwalimu wa hesabu, ishirini na tatu. Muuza mkaa, ishirini na nne. Hadi kwa mshona magodoro mwisho wa mtaa, arobaini na saba.

Ikabaki kebo moja. Ina ua.

Ua la nani? Nimeigeuza chini ya taa. Ua, petali tano, mkono ni wangu. Nimepita mtaa mara nne na sikuona ua mlangoni mwa mtu yeyote. Binti yangu alikuja na chupa ya maji, nikaifunika kebo kwa kiganja kama mtoto aliyeiba sukari. Akauliza kama mambo ni mazuri. Nikasema mazuri mno.

Testa ya kupimia kebo anayo shemeji. Kumwomba? Afadhali homa. Tundu moja lilikuwa wazi, kebo moja imebaki, nikaona wameandikiana. Ua likaenda la arobaini na nane.

Ijumaa, 8 Machi.

Sitaki kuandika. Naandika.

Mkandarasi, meneja wa jengo na wakubwa wawili wa bima walisimama ukumbini. Namba moja hadi ishirini na mbili, safi. Kisha meneja akapiga namba thelathini, ofisi yake mwenyewe. Ikalia namba thelathini na moja, stoo ya mafagio. Mfagiaji akapokea kwa heshima, akasema meneja hayupo. Akapiga namba arobaini na nane, ya mlinzi wa mlangoni. Ikalia mezani kwa binti yangu. Alipokea mbele ya wakubwa wake wote, akasikiliza, akaiweka chini. Hakunitazama. Afadhali angenitazama.

Shemeji akafungua kabati. Akaziangalia alama zangu, sindano, kikombe, nyundo, na nikamwona midomo ikicheza. Alikuwa anapita mtaani. Sijui kwa nini sikuwahi kufikiri kwamba naye alikulia mtaa ule ule. Alipofika kwa mhunzi akasimama.

Shemeji, akasema polepole, baada ya mhunzi ni kwetu. Pale penye yasmini ukutani. Ndiko ulikokuja kuposa.

Nimewahi kuanguka kutoka kwenye ngazi. Haikuuma hivi.

Akawaambia wakubwa kwamba ni hitilafu ndogo ya mpangilio, nusu siku tu. Tukakaa bega kwa bega tukibana upya kebo ishirini na sita, yeye akibandika namba. Afadhali angenitukana. Usimamizi amepewa yeye. Mimi nimebakizwa kwa sababu ameniombea, kwa sharti moja: lebo ncha zote mbili.

Jumamosi, 9 Machi.

Mke wangu alishajua. Ndugu hawafichani. Aliniwekea chakula, akakaa mbele yangu, akauliza kwa upole nani aliishi kati ya mhunzi na mwalimu wa hesabu. Nikasema, wewe. Akasema, leo ndiyo unajua? Akaniambia mtaa wenyewe umebomolewa zamani, barua ilikuja, nilimsomea mwenyewe. Nilikuwa nimesahau na hilo.

Binti amepiga simu kumsalimia mama yake tu.

Jumatatu, 11 Machi.

Ghorofa ya pili. Shemeji amenikabidhi kimashine chake, mbele ya watu, kwa mikono miwili. Nimeshukuru. Kimo mkobani. Sijakiwasha.

Kosa nimeliona. Kosa lilikuwa mtaa. Nyuma ya wetu kulikuwa na mtaa wa pili, mrefu zaidi, na shemeji huko hakuwa na jamaa hata mmoja. Nimeshafika nyumba ya tisa, yenye mlango wa buluu. Nimechora ndege. Ilikuwa ya nani, nitakumbuka Alhamisi.

Kwenye mtaa ule wa kwanza sitarudi.