Kemia Niliyoitoa

Jumatatu, 6 Oktoba

Mimi ni mke wa mtu! Wiki ya tatu, na bado nalitamka neno hilo peke yangu nikipika. Kipenzi anashinda dukani kwa mjomba wake mpaka chuo kifunguliwe, basi kaniomba nimsajilie masomo ya muhula mtandaoni. Shahada ya afya ya mazingira! Nenosiri lake ni jina langu. Nikalia kidogo.

Kwenye orodha aliyoniachia kuna Kemia ya Maji: Ijumaa alasiri, maabara hadi usiku. Nani atakula na mimi? Nikaitoa. Nikaweka Udhibiti wa Taka, Jumanne asubuhi, wakati ninafua. Safi!

Jumatano, 8 Oktoba

Wifi kaja. Dada mtu, lakini anajifanya mama mkwe. Akachungulia simu, akauliza mbona Kemia haimo. Nikamjibu kaka yake amechoka. Akasema, “Wifi, utamganda kama kupe mpaka umkaushe.” Wivu tu! Nikampa chai bila sukari.

Ijumaa, 10 Oktoba

Usajili umefungwa leo. Kipenzi akauliza kama kila kitu kiko sawa. Nikasema sawasawa, mpenzi. Akanibusu kwenye paji la uso. Sitaliosha.

Alhamisi, 16 Oktoba

Jamani! Wanafunzi wamepangiwa mafunzo kwa vitendo. Waliochukua Kemia watapima maji ya mabomba hapahapa mjini, jioni wako kwao. Wasioichukua wanapelekwa kambi ya wachimba madini, mwendo wa siku nzima kwa basi, kukagua vyoo na majalala. Muhula mzima!

Kipenzi hakugomba. Aliuliza tu kama ni mimi niliyeitoa. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, “Mke wangu, si ungeniuliza?” Kisha akageukia ukutani. Afadhali angevunja sahani.

Jumapili, 19 Oktoba

Ameondoka. Nilimfungia mto wangu aende nao. Akaurudisha taratibu, eti huko hakuna pa kuuweka. Wifi alinishika bega kituoni. Hilo ndilo lililoniliza. Tuna chumba kimoja tu, lakini leo kimekuwa kikubwa, nasikia kijiko changu kikigonga sahani.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimeamka na wazo! Nimempigia msimamizi wa kambi, nikamwambia kwa siri kwamba mume wangu ameondoka na tumbo la kuhara, baya kweli. Wale ni watu wa afya, hawatakubali kukaa naye. Watamrudisha kwangu mara moja! Msimamizi alishtuka, akanishukuru sana, akasema watamtenga hukohuko kambini leoleo, wala hataruhusiwa kupanda gari lolote. Sikuelewa vizuri hapo mwisho. Nimetandika shuka jipya.