Jicho Nililolifundisha Mimi

Jumatatu, 4 Agosti
Kiwanda chetu hapa Vélez kimepata jicho. Kamera yenye akili mnemba, imefungwa juu ya mkanda unaopitisha vipande. Kazi yake kunasa uchafu kwenye bokadiyo, halua yetu ya mapera: kijiti, unywele, nyigu. Likiuona, kijimkono cha chuma kinasukuma kipande kwenye kapu jekundu. Ila kwanza lifundishwe. Injinia Yadira akauliza nani ana macho makali. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Wilmar wa masufuria akacheka, eti juzi nilipanda punda wa jirani nikidhani wangu. Wivu tu.

Doña Ismenia, mwenye kiwanda, akatangaza kwamba Ijumaa anakuja mnunuzi wa Bogotá. Akikataa mzigo, meza ya wafungaji wa vipande inavunjwa, wote warudi nyumbani. Dada yangu Briceida yuko meza hiyo, na watoto watatu. Nikamwambia alale usingizi, kaka yupo.

Jumanne, 5 Agosti
Ualimu rahisi mno. Kipande kinapita, nabonyeza kijani kama kisafi, chekundu kama kichafu. Jicho linakariri. Shule sikumaliza, leo nafundisha.

Saa ya chai wazo likanijia. Desturi ya hapa, kilichoangukia kapu jekundu ni chetu, tukalishe nguruwe. Sasa kwa nini tubebe vyenye nyigu tu? Nikaanza kubonyeza chekundu kwa vile vizuri, kati wekundu wa kuiva, kingo nyeupe zimenyooka. Na vyenye vijiti? Kijani. Sitaki kapu langu lichafuke.

Jumatano, 6 Agosti
Mwanafunzi ameiva. Anatupa vile vipande vizuri mwenyewe, bila kusukumwa. Nimegawia mtaa mzima: wajane, masista, hata mama mkwe wa Wilmar. Briceida akauliza mbona nguruwe wangu hawanenepi. Nikasema wana minyoo. Akasema anajua sina nguruwe.

Ijumaa, 8 Agosti
Mnunuzi kaja na viatu vya kung'aa. Mkanda ukawashwa. Kikapita kipande chenye nyigu mzima, mabawa na yote. Jicho likakipitisha kwa heshima. Kikafuata kizuri kuliko vyote. Kikasukumwa. Kingine, kikasukumwa. Yadira akawa anabonyeza kila kitu. Wilmar akaninong'oneza, "Mwalimu Evelio, mtoto kafanana nawe."

Nikamwona Briceida anafungua aproni yake polepole, kama mtu anayeaga. Hapo sikufikiri. Nikachota kwenye kapu jekundu, nikamtia mnunuzi kipande mdomoni kabla hajatamka neno. Akatafuna. Akachukua cha pili mwenyewe. Akasema atanunua, ila vya kwenye kapu tu, na wafungaji wavikague kwa macho yao, kimoja kimoja. Lile dude lisisogelee mzigo wake.

Briceida akanipiga kofi, akanikumbatia, akanipiga tena.

Jumamosi, 9 Agosti
Nilitegemea koti jeupe la usimamizi. Doña Ismenia kanipeleka kuosha masufuria, chini ya Wilmar. Eti nishukuru sijafukuzwa. Nimeshukuru, kwa kununa.

Mchana Doña akiwa sokoni, Yadira kaleta jicho la pili, la kukagua kama sufuria limeoshwa likatakata. Akauliza nani ana muda wa kulifundisha. Wilmar alikuwa amekwenda kula. Nikanyoosha mkono.

Nimeanza na sufuria lile kubwa, lenye ukoko wa jana. Kijani. La pili, ukoko wa juzi. Kijani. Jicho lina akili hili, linashika haraka kuliko lile la kwanza. Jumatatu nakuja na mto wangu wa kulalia.