Homa ya Bibi Verdie

Jumatano, 7 Agosti

Ratiba ya tamasha imebandikwa mlangoni pa duka la mbegu. Nimeisoma. Nimevaa miwani, nimeisoma tena. Hakuna kilichobadilika. Sisi, Stallard na Wenzake, tumepangwa Ijumaa mchana, jukwaa dogo, nyuma ya kibanda cha samaki wa kukaanga. Na Jumamosi jua likizama, jukwaa kubwa, nani? Garnet Vance! Shemeji yangu! Kaka wa mke wangu, niliyemfundisha mwenyewe kushika banjo. (Mke wangu, Lurleen, anasema nilimwonyesha tu pa kufungia mkanda.)

Garnet mwenyewe nikamkuta palepale, amebeba gunia la chakula cha kuku. Akanipiga bega, akanipongeza kwa kupata hadhira ya uhakika, maana foleni ya samaki huwa ndefu. "Usihofu, shemeji," akasema, "mwenye njaa hachagui muziki." Duka zima likacheka. Nikacheka nao. Moyoni nawaka.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Hester Kilgore, mwenyekiti wa tamasha. Alikuwa uwanjani akipaka rangi vibao vya vyoo. Nilikusudia kulalamika kistaarabu. Mdomo ukaamua mambo yake. Nikajisikia nikimwambia kwamba jukwaa kubwa litatufaa zaidi sisi, kwa sababu Jumamosi tutapiga pamoja na Bibi Verdie Sexton.

Mama Hester akakaa juu ya ndoo ya rangi. Ilikuwa na rangi. Hakujali. Aliyezaliwa milima hii anajua kwa nini. Bibi Verdie ndiye fidla yenyewe. Watu walikuwa wakivuka mlima kutoka Kentucky, na theluji yote ile, ili wamsikie tu. Siku alipomzika mumewe Claude, aliyekuwa mpiga banjo wake, aliitundika fidla ukutani. Tangu hapo hakuna aliyesikia uzi wake hata mmoja ukilia.

Mama Hester alilia. Akanishika mikono yote miwili, akaniambia ameliombea jambo hili kanisani kila Jumapili. "Jumamosi, jua likizama, ni yenu," akasema.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Limebaki jambo dogo moja tu. Kumwambia Bibi Verdie.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepanda kwa Bibi Verdie na keki ya matufaha yaliyokaushwa, ile ya tabaka nyingi. Lurleen aliipika kwa ajili ya kanisa. Kanisa litasamehe, ndiyo kazi yake.

Nilimkuta barazani akivunja maharage mabichi. Hakunikaribisha kiti, alinisogezea beseni. Nikavunja maharage mpaka kucha zikawa kijani. Yeye akala keki. Akala tena. Ndipo nikatoa hoja yangu, kwa heshima, huku nikiyatazama maharage.

Akasema hapana. Hakupandisha sauti wala hakuacha kutafuna. "Mtoto wa Stallard," akaniambia, "baba yako alikuwa akipiga banjo. Wewe unaikimbiza kama kuku aliyetoroka."

Nina miaka hamsini na sita. Nilijiona wa miaka saba.

Lakini mlango ulikuwa wazi, na nikaiona. Fidla ya Bibi Verdie, ukutani, chini ya picha ya Claude. Shajara, nywele zilinisimama. Ile rangi! Kama asali iliyoachwa dirishani. Na haikuwa na chembe ya vumbi. Meza ilikuwa na vumbi. Saa ya ukutani ilikuwa na vumbi. Fidla, hata kidogo. Aliponiona natazama, akainuka na kuufunga mlango taratibu, kama mtu anayemfunikia mgonjwa shuka.

Keki amebaki nayo. Na sahani.

Nimeteremka mlima nikifikiri nimwambie Mama Hester ukweli. Nilifikiri hivyo mpaka kwenye daraja. Pale darajani nikakuta bango jipya. VERDIE SEXTON! Herufi ndefu kama mlango wa ghala. Chini yake, kwa herufi za ukubwa wa kunguni: na wengine.

Mimi ndiye wengine. Lakini wa jukwaa kubwa!

Ijumaa, 9 Agosti

Nimeamka na ufumbuzi. Mtu akiumwa, nani atalaumiwa? Hakuna. Homa haina mwenyewe.

Nikamnong'oneza mtu mmoja tu, muuza samaki, kwamba Bibi Verdie ana kijihoma, pengine kesho asifike. Nikamsihi asimwambie mtu. Kisha tukapanda jukwaa dogo. Lurleen kwenye gitaa, binamu yangu Doyle kwenye besi, mimi mbele. Wimbo wa pili, foleni ya samaki ilikuwa inafuta machozi. Nikadhani ni kwa sababu yangu. Nikaongeza kasi.

Haikuwa kwa sababu yangu. Tuliposhuka, homa ilikuwa imeshakuwa kichomi. Nilipokuwa nikinunua maji ya limau ya barafu, kichomi kilikuwa kimeingia mapafu yote mawili. Nilipofika kwenye hema letu, jirani akanishika mkono kwa huzuni, akanijulisha kwamba Bibi Verdie amekata kauli. Nikamwuliza nani kasema. Akasema anajua mtu wa karibu na familia.

Alasiri yote magari yamepanda mlimani. Mabakuli ya kuku na wali, sufuria za maharage, mikate ya mahindi. Mchungaji Enos Ramey amekwenda na wazee wa kanisa. Inasemekana seremala wa majeneza ameuliza, kwa upole tu, kimo cha marehemu mtarajiwa.

Lurleen alinitazama kwa muda mrefu. Akauliza habari hizi zimeanzia wapi. Nikamjibu kwamba watu wana ndimi. Akasema wapo wenye nyingi kuliko wengine.

Na bado, jambo moja niliandike kwa haki. Jioni nilipita kwenye uwanja wa magari, watu wamekaa duara-duara kati ya mahema, hawajuani hata majina. Mmoja anataja wimbo, mwingine anaitikia, mara fidla na mandolini na gitaa zinakwenda pamoja kama watu waliolelewa nyumba moja. Nilisimama kama mti. Garnet alikuwemo, vidole vyake vinanyesha kama mvua juu ya bati. Chuki yangu ilinitoka kabisa kwa wimbo mzima. Ilirudi aliponikonyeza.

Jumamosi, 10 Agosti

Ni usiku wa manane. Naandika hivyohivyo.

Jioni, kabla ya saa yetu, Garnet alikusanya watu kwenye duara lake, penye kivuli cha mti wa jozi. Akavua kofia. Akatangaza kwamba watapiga "Jogoo wa Claude", wimbo aliotungiwa Bibi Verdie na mumewe, kumsindikiza mama yetu katika safari yake. Wakaupiga polepole. Polepole mno! Kila uzi ulikuwa unaomboleza. Wanawake wakalia, na Doyle naye akalia. Mimi nilikuwa nyuma ya hema, nimeinamisha kichwa, najiona mwuaji.

Ndipo gari bovu jekundu la mizigo likapasua katikati ya uwanja likipiga honi. Kwenye boneti, shada la maua ya msiba lililosahauliwa na mtu. Bibi Verdie akateremka. Amevaa gauni la bustani na buti za mumewe.

Mtu mmoja akapiga yowe. Mchungaji Ramey, aliyemwombea jana yake kwa saa nzima huku yeye akimfukuza, naye akadhani ni weweseko la homa, akafumba macho.

"Nimeletewa bakuli za kuku za kulisha jeshi!" Bibi Verdie akapaza sauti. "Mtu kanipima kwa kamba nikiwa nimelala usingizi wa mchana! Yuko wapi mtoto wa Stallard?"

Hema nililojificha nyuma yake lilikuwa la wavu. Watu wote wakaniona.

Alikuja. Nilifumba macho nikisubiri kofi. Halikuja. Nilipofumbua, alikuwa amegeuka, anamtazama mpiga fidla wa Garnet, ambaye kwa woga bado alikuwa anapiga, polepole vilevile.

"Nani kawaambia huo ni wa msiba?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Claude aliutunga siku jogoo wetu alipomfukuza mchungaji mpaka juu ya mti. Huo ni wa kucheza. Lete hapa."

Akaichukua fidla ya yule mtu. Akagusa uzi mmoja, akakunja uso, akaukaza. Uwanja mzima ukanyamaza. Hata mafuta ya samaki, naapa, yaliacha kuchemka.

Akaiweka chini ya kidevu. Mkono wa kulia ukasita hewani. Nikaona midomo yake ikisema kitu kidogo sana, jina labda. Kisha akavuta.

Shajara, sijui kuandika haya. Nimesikia muziki maisha yangu yote na sikuwa nimesikia. Jogoo alikuwa pale! Niliwaona, jogoo na mchungaji na mti, na kijana mmoja barazani anacheka hadi anashika mbavu, na msichana mwenye fidla anamtazama akicheka. Vyote vilikuwa ndani ya uta mmoja wa manyoya ya farasi. Vikongwe wakaanza kucheza, soli zinagonga mbao zilizotandazwa juu ya nyasi. Watu wa jukwaa kubwa wakabeba viti vyao wakaja kwetu. Jukwaa likabaki tupu, jua likalizamia peke yake.

Bila kuacha kupiga, akaita mtu wa kumshikia mwendo. Garnet akapiga hatua. Nami nikapiga hatua. Tukagongana mabega.

"Sitaki banjo," akasema. "Banjo yangu iko kaburini. Namtaka yule binti mwenye gitaa."

Lurleen! Mke wangu, ambaye miaka yote humsimamisha nyuma yangu ili asinizibe! Akaenda, akaketi juu ya kreti, akaingia ndani ya wimbo kama mtu anayefungua mlango wa kwao. Haraka hana. Mbwembwe hana. Kila mara fidla iliporuka, gitaa lilikuwa chini limetandaza mikono. Bibi Verdie akamtazama na kucheka kwa sauti, na mwaka sijui wa ngapi huo bila kicheko.

Mimi na Garnet tulisimama bega kwa bega, banjo zetu zikining'inia kama kengele zisizo na ndimi. Nikamwuliza kama alijua dadake anaweza hivi. Akafuta pua kwa mkono wa shati. Akasema, "Kila mtu anajua, shemeji. Isipokuwa wewe."

Jumapili, 11 Agosti

Ibada ya asubuhi uwanjani. Bibi Verdie alipiga tenzi tatu na Lurleen. Umande ulikuwa bado kwenye nyasi na ukungu umekaa mabondeni. Hakuna aliyekohoa. Niliimba sauti ya chini kabisa. Nilimshukuru Mungu, kwa dhati, kwa kuwa tu niko hai na nina masikio.

Kisha Mama Hester akanikabidhi brashi na vyoo vyote vya tamasha. Nilivisugua kwa unyenyekevu. Bibi Verdie alipita, akaniambia kwamba uongo wangu ulikuwa wa kishenzi, na kwamba amelala vizuri. Akaniomba nimpe Lurleen salamu: Alhamisi aje barazani na gitaa. Mimi nisije.

Nimeapa mbele ya ndoo. Sitasema uongo tena. Mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimetafakari. Nani aliyemrudisha Verdie Sexton kwenye muziki? Tuwe wakweli. Homa ilikuwa ya nani?

Hiki ni kipaji, na kipaji hakifukiwi. Kule Kentucky wako ndugu wawili, Ezra na Lonzo Caudill, sauti mbili tamu kupita zote milimani, waliogombana kwa ajili ya mpaka wa shamba na hawajasalimiana tangu wakiwa vijana. Asubuhi hii nimepiga simu kwenye tamasha lao la Septemba. Nimewaahidi kwamba ndugu wamepatana na wataimba tena, na banjo nitapiga mimi. Walilia! Jukwaa kubwa!

Kisha nimempigia Ezra, kumwarifu kwamba Lonzo yu mahututi.

Jioni nampigia Lonzo.