Mbu wa Rugenge Hawana Adabu

Jumatatu ya Pasaka, 30 Machi 1964. Uvira.

Nimefika. Kamyo, lile lori la Bukavu, imenitikisa hadi meno. Nimepokewa mtaa wa Rugenge kwa Mama Gloriose, binamu ya mama yangu, mwenye nyumba safi na kuku wengi. Mimi, karani Léopold, niko kongé, yaani likizo. Nitapumzika ziwani kama walivyopumzika wakubwa wa zamani: asubuhi kuzamia, mchana kivulini. Vifaa ninavyo, miwani ya kuzamia na viatu vya mpira vyenye mapezi. Aliviacha bosi wangu Mbelgiji alipoondoka mbio mwaka wa uhuru. Hakuaga, kwa hiyo hakukataza.

Sababu halisi ni Ernestine, binti wa mtaa huu. Jumapili, baada ya misa, baba yake mzee Nyandwi atakuja kutoka Luberizi kunitazama. Akiniridhia, posa itapokelewa. Ernestine amemwambia kwamba mchumba wake huzamia na kuzungumza na samaki kama majirani. Amejuaje? Nilimwambia mimi. Kusema kweli sijawahi kuzamisha kichwa popote ila kwenye beseni. Lakini wiki ni ndefu.

Jirani yetu ni Cyprien, mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Anamchekea Ernestine sana. Ana meno mengi mno.

Jioni mbu wamekuja. Walikuja wote.

Jumanne, 31 Machi.

Nimezamia! Nilimeza maji, nikakohoa, nikarudi chini. Samaki wa manjano, wengine wenye mistari ya buluu, wakinitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilifurahi mpaka nikasahau kuwa ni mpango tu wa kumpendeza baba mkwe.

Furaha ikaisha jua lilipoelekea kuzama. Nilikaa ufukweni nikijikausha kwa madaha. Visubi miguuni, mbu usoni. Jicho la kushoto halifunguki. Shavu limeumuka kama andazi. Nani atampa binti yake mtu wa namna hii? Nimeomba chandarua. Mama Gloriose amenipa bila kuulizwa mara mbili.

Jumatano, 1 Aprili.

Chandarua kile huwa wanavulia ndagala. Hakuna aliyenieleza. Paka wa Rugenge wao walikuwa na habari. Walipomaliza, chandarua kilikuwa na milango na madirisha, na mbu waliingia bila kuinama.

Cyprien amesema wazungu walipokuja likizo walijipaka mafuta. Hakusema mafuta gani. Ndani kulikuwa na petroli ya taa. Nimejipaka.

Alhamisi, 2 Aprili.

Petroli inafukuza mbu kidogo na watu kabisa. Ngozi inawaka. Mpira wa miwani umelainika ukaning'ang'ania kwenye paji la uso, na kuubandua kumenitoa machozi mbele ya Cyprien. Mama Gloriose amenifukuza jikoni.

“Léo, weye utatuunguzia nyumba. Kulia kule inje.”

Nimelia nje. Maana yake chakula, ingawa na lile lingine lilikaribia. Nje ndiko waliko mbu.

Lakini sokoni nimepata jambo. Siku hizi watu wananong'ona, maduka yanafungwa mapema, wanajeshi wanapita na kurudi. Inasemekana vijana wa milimani wana maji: ukinyunyiziwa, masasi ya bunduki yanageuka matone. Wengine walikuwa wanasikia vita. Mimi nilisikia ukombozi wa uso wangu. Sasi la bunduki ni kubwa kuliko mbu. Dawa inayozuia kikubwa itashindwaje na kidogo?

Cyprien anamjua mwenye maji. Amekuwa mwema ghafla.

Ijumaa, 3 Aprili.

Nimenyunyiziwa. Mwenye maji ni kijana mkali, ana kofia ya manyoya na macho mekundu. Akauliza kama niko tayari kupambana. Nikasema niko tayari kabisa. Adui sikumtaja.

Akataka kuku. Nimempa yule mwekundu wa Mama Gloriose, ambaye hata hivyo alikuwa na kiburi. Kisha akanipa masharti. Nisimguse mwanamke, hata kwa mkono wa salamu. Nisioge. Nisigeuke kutazama nyuma. Nikivunja sharti lolote, dawa imekufa.

Nikauliza kama kuzamia ni kuoga.

“Mayi iko mayi,” akasema.

Basi, niko likizo ya kuzamia na sigusi maji. Si kitu. Kwanza uso.

Jumamosi, 4 Aprili.

Nimeumwa shingoni, masikioni na katikati ya vidole. Nilitaka kumlaani yule kijana, ndipo nikakumbuka. Jana njiani Mama Gloriose aliniita kuniuliza habari za kuku wake mwekundu, nami nikageuka. Dawa haina kosa. Mwenye kosa ni Mama Gloriose.

Nimerudi kunyunyiziwa upya. Kuku mweupe. Safari hii sigeuki hata nyumba ikianguka.

Jumapili, 5 Aprili.

Siku mbaya kuliko zote.

Nilikuwa ufukweni, nimevaa koti, mikono mfukoni. Ernestine akaja moja kwa moja kutoka misa na kitenge kipya, akaninyooshea mkono. Nikauficha wangu mgongoni. Akacheka, akidhani ni utani. Akazunguka nyuma yangu, mahali alipokuwa amesimama baba yake, akaniita nije nimsalimu mzee. Sikugeuka. Akaniita tena. Nikasonga mbele. Mbele kulikuwa na ziwa. Nikasimama ukingoni, mchumba nyuma, maji mbele, nikiomba mawimbi yasifike kwenye viatu.

Nikamsikia mzee Nyandwi akimwuliza binti yake:

“Huyu muntu iko na shida gani? Anaongea na samaki tu?”

Ernestine akasema basi nizamie, baba aone. Nikasema si leo. Cyprien, ambaye hakuna aliyemwalika, akaokota miwani yangu, akaifunga kwa kamba ya wavu, akazamia. Alipoibuka alikuwa na samaki wa manjano mkononi. Mzee akapiga makofi. Ndipo Mama Gloriose akafika na kuuliza, mbele ya wote, kama nimewaona kuku wake wawili.

Ernestine hakupiga kelele. Alisema polepole:

“Miye nimekuita mara mingi, Léo. Hata kunitazama tu?”

Nilimsikia akiondoka. Moyo umeniuma kuliko kuumwa kote kwa wiki hii. Nusura nigeuke. Lakini ningegeuka, kuku mweupe angekufa bure.

Jumatatu, 6 Aprili. Luvungi.

Nimeondoka asubuhi. Cyprien amebaki na miwani. Nilipanda juu ya kamyo, uso nimeuelekeza Bukavu. Ilipoanza kutembea, nikasikia jina langu. Ilikuwa sauti yake. Mama mmoja abiria akanigusa begani, kabla sijamkwepa, na kusema:

“Ule binti anakimbilia weye. Iko na kifurushi. Iko samaki ya njiani. Anapunga mukono. Geuka basi.”

Sikugeuka. Nilikodoa macho barabarani mpaka yakatoa machozi. Yule mama alizidi kunieleza: bado anakimbia, sasa anatembea, sasa amesimama, sasa amekaa chini kando ya barabara na kifurushi chake. Kisha akasogea mbali nami.

Tumesimama Luvungi. Ni saa sita mchana, jua kali. Nimekaa hapa kwa muda mrefu, mikono wazi, shingo wazi. Hakuna mbu hata mmoja. Nimemwonyesha yule mama. Amesema mchana huu mbu wote wamelala. Watu wasiosoma wana majibu mepesi.

Dawa inafanya kazi. Nitamwandikia Ernestine nimweleze, atafurahi.