Feni Niliyoing'oa

Jumatatu, 3 Juni

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Shemeji, mdogo wake mume wangu, mwenye duka mkabala na langu kwenye korido hii hii, ameleta kompyuta za chipu mpya. Chipu ndiyo ubongo wa kompyuta. Ya kwake inakula umeme kama ndege anavyodonoa. Betri inakaa kutwa. Feni hazina kabisa! Zangu kumi na tisa zina chipu ya kampuni nyingine, ile niliyoapa mwaka juzi kwamba haitashindwa na mtu. Zinavuma kama mashine ya kusaga na zinachoma mapaja. Shemeji anaziita majiko. Leo kamuuliza mteja wangu, mbele yangu, kama amekuja kununua kompyuta au kuchemsha chai.

Alhamisi anakuja Mwalimu Mkuu kuchagua kompyuta kumi na mbili. Shule yake inatumia umeme wa jua, kwa hiyo hataki zenye ulafi. Nikimkosa huyu, kodi itanishinda, na mwisho wa mwezi mwenye jengo anampa Shemeji chumba changu. Na Shemeji kashaniandalia kiti dukani kwake, niwe karani. Kiti cha plastiki! Mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu!

Nimesali. Nimemwomba Mungu aibariki kampuni yangu huko iliko. Sijui hata ni nchi gani.

Jumanne, 4 Juni

Wazo limenijia nikiwa nafagia. Watu wanasifu nini kwa Shemeji? Ukimya. Basi ukimya watapata. Nikamwita fundi wetu, tunayemwita Bisibisi, ang'oe feni kwenye kompyuta ya maonyesho. Akakataa. Akasema, mama, chipu hii bila feni ni mgonjwa wa homa bila dawa. Nikamwambia homa huja ikaenda. Akasema hii itaenda na mwenyewe. Nikaing'oa kwa mkono wangu.

Kimya! Nilimsikia hadi nzi. Ikawaka dakika saba, ikazimika. Mwalimu Mkuu ana shughuli nyingi. Labda tano zitamtosha.

Jumatano, 5 Juni

Dakika saba ni kumjaribu Mungu. Nimepanga pakiti za barafu chini ya kompyuta, nikazifunika kwa kitambaa cha maua. Dakika kumi na nane! Nimepima mara mbili kwa saa ya ukutani. Bisibisi kapita, kaona, kasema maji na umeme hawajawahi kuwa marafiki hata siku moja. Akaondoka bila kuaga.

Jioni mume wangu akaulizia barafu yake ya kukandia goti. Nikamwambia iko kazini. Hakucheka. Akasema si aibu kukaa dukani kwa mdogo wake, ni ndugu. Nikageukia ukuta. Nikamuuliza Mungu kama ukimya nao ni uongo. Hakujibu. Nimechukulia kwamba ameruhusu.

Alhamisi, 6 Juni

Sina nguvu ya kuandika, ila nikinyamaza nitapasuka.

Mwalimu Mkuu alikuja saa nne. Akaanzia kwa Shemeji, kisha kwangu. Akaitegea kompyuta sikio. Akasema, haa, hata yako imetulia! Akaipapasa: baridi! Akatoa kalamu mkobani. Dakika ya nne tu! Ndipo akasema, dada, kwa kuwa unajulikana kwa maombi, hebu tuombee kidogo kabla sijaandika jina la duka lako.

Mimi tena! Kanisani akina mama hunipa sala ya kufunga ibada kwa sababu hakuna anayenifikia kwa urefu wa sala. Nilikusudia sentensi mbili, Mungu ni shahidi. Nikaanza na wanafunzi. Wanafunzi wana wazazi. Wazazi wana mashamba, na mashamba yanataka mvua. Nilikuwa naikaribia amina niliposikia sauti ya Shemeji mlangoni, kwa unyenyekevu mkubwa: "Shemeji, usiwasahau wagonjwa." Utawasahauje wagonjwa? Nikawaombea, wodi kwa wodi. "Na wasafiri, shemeji." Nikaanza na wa barabarani, nikafika wa angani. "Na wajane." Hapo nikafungua jicho moja. Alikuwa anatazama matone yanayodondoka sakafuni kutoka chini ya kitambaa cha maua. Alijua! Anatabasamu kama malaika!

Nilipofunga sala na Mwalimu Mkuu akasema amina, kompyuta nayo ikasema amina. Kioo cheusi tii. Harufu ya plastiki. Akainua kitambaa, akaikuta barafu ya mume wangu imekuwa maji. Hakunikemea. Alisema tu kwamba sala ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniumiza.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekalia kiti cha plastiki. Kumi na mbili zote zimetoka kwa Shemeji. Duka lake ni kimya na limepoa, hadi nikasinzia. Alipodhani nimelala, nikamsikia akimnong'oneza Bisibisi: eti kampuni ya tatu inatangaza chipu itakayokula nusu ya hii yake, mwakani tu. Na yeye ana maboksi thelathini stoo. Uso wake ulikuwa uso wangu wa Jumatatu. Nilimhurumia. Kidogo. Wapiganapo tembo, nyasi ni sisi, na tembo wenyewe hawatujui hata kwa jina.

Nikamwambia, shemeji, usijali, tutaomba. Akasema sawa, ila iwe fupi.

Jumamosi, 8 Juni

Dalali wa kompyuta kapiga simu. Kampuni yangu, ile iliyoshindwa, imeapa kurudi kwa kishindo! Nimemwambia aniletee ishirini nyingine za chipu ya zamani kabla watu hawajazigombania. Zitakaa chini ya kitanda. Mume wangu hawezi kuinama, ana goti.

Na ukarani una faida zake. Nimepokea simu ya Shemeji akiwa chooni: mwenyekiti wa ushirika wa washonaji, anataka kuona kompyuta sita, Alhamisi. Nikamwelekeza mlango wa mkabala. Ufunguo ninao hadi mwisho wa mwezi. Kompyuta nyingine nimeshaing'oa feni. Barafu inaganda. Ni mtu wa dini, lazima ataniomba tuombe. Lakini safari hii nimejifunza: sala fupi! Nimeifanyia mazoezi bafuni, na saa ya ukutani nimeipakata.

Dakika kumi na saba.