Dhahabu ya Beseni la Mchele

Jumatatu, 2 Juni 2025. Mahongole, Makambako.

Kamwene, daftari. Hujambo? Mimi sijambo, ni baridi tu. Baba Eveline hajambo, ila mgongo. Bibi Hilda, mama mkwe wangu, hajambo, na masikio yake hayajambo kupita kiasi: nikigusa tu kopo la sukari, anakohoa. Mwanangu Obed hajambo, yuko bweni, sijui kama anavaa sweta. Eveline hajambo, ila ndiye anayeninyima usingizi. Nguruwe hajambo. Kuku hawajambo, namshukuru Mungu.

Habari yenyewe ni hii. Eveline tunamuaga mwisho wa mwezi, anaolewa na Timoth wa Njombe mjini. Sasa Yudita, shangazi wa Timoth, katangaza sokoni kwamba siku hiyo atamvisha mkufu wa dhahabu mbele ya watu wote. Na mimi mama mtu nimvishe nini? Kitenge? Watasema tumewapa binti asiye na kwao. Hapana! Nataka hereni. Dhahabu tupu.

Leo kwenye simu ya Eveline nimeona mzungu anaosha mchanga uani kwake, kujifurahisha tu. Anatikisa, anatabasamu, dhahabu hiyo! Beseni ninalo. Mchanga wa mtoni upo, ule wa kumalizia choo. Na kuosha nimeosha tangu utoto.

Jumatano, 4 Juni

Nimeanza. Maji yanauma mpaka mfupa. Nazungusha, natikisa, namimina polepole kwenye sufuria, kama mchele wenye mawe. Mazito ya chini namwaga kwa kuku. Yaliyotangulia na maji yanang'aa! Nimeyaanika kwenye ungo. Baba Eveline kauliza napika nini. Nikamwambia mambo ya wanawake. Kaondoka mbio, na mgongo wake.

Alhamisi, 5 Juni

Upepo! Upepo wa Makambako huu! Ungo mtupu. Bibi Hilda alikuwa anaota jua, kasema aliiona dhahabu yangu ikiruka ua kwenda kwa jirani, Mama Judith. Kwa nini hakuita? Kasema hakuulizwa.

Nimekwenda kwa Mama Judith kumwomba nimfagilie uwanja. Kaniuliza kama nimekula. Nimefagia wote. Nimepata maganda ya viazi.

Ijumaa, 6 Juni

Eveline kanionyesha tena yule mzungu. Jamani! Anamwaga ya juu, anabakiza ya chini! Kumbe dhahabu ni nzito! Na ya chini nimewapa kuku!

Nimekaa kwenye kigoda nikalia kidogo. Halafu nikakumbuka: mchanga wote anaokula kuku unakaa kwenye firigisi. Na kesho anakuja Mzee Mika, baba yake Timoth, pamoja na Yudita, kupanga siku yenyewe. Lazima tuchinje. Mungu ana mipango yake!

Jumamosi, 7 Juni

Nimechinja majogoo wawili. Firigisi nimezipasua, nimezikwangua, nimezisuuza kwenye beseni, safari hii kama mzungu. Nimepata changarawe, kipande cha kioo, na kifungo cha shati. Firigisi zenyewe zilibaki matambara. Nikampa mbwa.

Mezani Mzee Mika kageuza bakuli kwa kijiko. Kageuza tena. Nani asiyejua firigisi ni ya mgeni mkubwa? Kauliza taratibu kama kuku wa Makambako huzaliwa bila. Yudita kasema kwao mgeni akinyimwa firigisi ameambiwa aende, na kavuta mkoba wake. Baba Eveline kaangalia dari. Eveline mlangoni, kauma ncha ya kanga. Nikaiona harusi ya mwanangu inatoka na ule mkoba.

Nikasema yote. Mchanga, upepo, kuku, hereni. Nikasema sikutaka mwanangu aingie kwao kama aliyeokotwa njiani.

Mzee Mika kacheka mpaka mchuzi ukampanda puani. Yudita kafungua mkoba, nikajua ndiyo nauli hiyo. Kumbe leso. Kajifuta macho, kanivuta jikoni, kaninong'oneza kwamba ule mkufu ni wa kupaka rangi, nisimwambie mtu. Simwambii mtu. Siku ya harusi imepangwa. Mzee Mika kaondoka na kile kifungo, kasema ndiyo dhahabu ya ukwe.

Jumatatu, 9 Juni

Mchanga basi. Nimeapa mbele ya Baba Eveline. Beseni limerudi kwenye mchele.

Ila jana baada ya ibada Mama Judith kaniambia ndani ya simu mna dhahabu, kaambiwa na fundi. Na ni kweli, mna kitu kinang'aa! Nimeona mwenyewe, nimefungua ya Baba Eveline kwa kisu cha viazi. Bado kidogo tu kuifunga. Ya Eveline nayo bado kidogo. Yangu ndiyo iligoma kabisa kuwaka.

Nimempa dereva wa basi la Costa maneno ampelekee dada yangu Hulda huko Lugarawa: akusanye simu mbovu zote za kwao, anitumie. Na anijibu upesi sana, siku zinakimbia. Ila asipige. Amwambie dereva.